Kadi ya Mkabakoo

Ukubwa: yai la kwanza la tembe.
Umbo: pia ya mtoto, iliyolalia upande mmoja.
Ngozi: kijani cha chura, kutu kidogo kwenye mabega,
na shavu moja jekundu, lile lililotazama jua,
kama mtu aliyezabwa kofi akanyamaza.
Kikonyo: kifupi, kinene, hakikubali kung'oka.
Nyama:

hapo nikasita, kisu mkononi,
maana nyama sharti ionjwe.

Bi Notburga alisimama kizingitini,
buti za mpira, mikono ndani ya aproni,
akanitazama nikiuma. Hakunionya.
Ulimi ukakunjamana kama ngozi mbichi juani,
meno yakavaa sufi, koo likafunga mlango.
Nikatema kando ya lundo la samadi
naye akacheka mpaka mbwa akaamka.
"Andika hivyo hivyo," akasema.

Kadi ya ofisi haina nafasi ya hivyo hivyo.
Ina kijisanduku cha neno moja.
Nikaandika: kakasi.

Mti wenyewe uko nyuma ya zizi,
umeupita kimo mnara wa kanisa la Oberlehen.
Tumboni umeoza, mtu mzima anaingia;
marehemu Wendelin alificha humo baiskeli
mwaka ule wa askari, na kengele yake bado imo,
imemezwa na gome, haitoki tena.

Asili:
Mama mkwe alisema ni watawa, walivuka nao mlima.
Padri alisema si watawa, ni mkata kuni wa Bohemia
aliyelipa deni la unga kwa tawi.
Wendelin alisema ndege alikunya, basi.
"Na wewe?"
"Mimi niliolewa hapa. Niliukuta."

Nikalipapasa shina. Usawa wa kifua changu
lina kovu lililozunguka kama mshipi:
chini gome laini, juu gome lililopasuka miraba,
mgongo wa kobe.
Hapo mtu alikata, akabebesha,
akafunga kwa kitani na nta, akangoja.
Ndege hana nta.

Husemwa mtoto wa nyoka ni nyoka.
Peasi halijapata habari hiyo.
Panda kokwa zake mia, utaotesha wageni mia,
hakuna hata mmoja mwenye sura ya mama.
Anayetaka Mkabakoo aende mtini akate kijiti,
na mti huu nao ni kijiti cha mwingine,
na ule wa mwingine,
mti mmoja tu, unatembea kwa mikono ya watu.

Lakini nani angehangaika hivyo
kwa tunda linalotemwa?

Hakujibu. Alinishusha ghalani, akafungua bomba la pipa.
Kinywaji rangi ya majani makavu,
harufu ya nyasi zilizonyeshewa baada ya kukatwa,
na ile kakasi, iliyonikaba juani,
sasa imekaa katikati ya ulimi wima, kama uti wa mgongo.

Ndipo akasema, akiwa amelipa pipa mgongo:
"Askari walikula tufaha zote. Walikula plamu,
walikula mbegu za viazi, wakala chakula cha bata.
Peasi hizi kila mmoja aliuma mara moja.
Uwanja mzima ulijaa mapande yenye meno ya watu.
Mama mkwe akayaokota, yaliyoumwa na yasiyoumwa,
akayakausha katika tanuri la mkate,
akayachemsha na shayiri majira yote ya baridi.
Alikuwa na watoto wanne.
Wote wanne walifika Machi."

Nilirudi na basi la saa kumi.
Penye *Asili* ofisi hupenda *haijulikani*.
Nimepaacha wazi. Meneja ameuliza mara mbili.

Februari ikaja bahasha ndefu, bila barua:
vijiti sita ndani ya gazeti bichi,
vimefungwa uzi wa soksi.
Kimoja kina alama za meno ya mbwa.
Hicho nilikibebesha kwanza.